Siku Pamba Alipoacha Kuwashwa

Fundi wa magodoro aliyeitwa Pamba hakuwahi kumkabidhi mteja kazi yake kabla ya kuilalia yeye mwenyewe. Alivua shati, akalala kifudifudi juu ya godoro, akafumba macho na kujiviringisha taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Mkono unadanganya," alikuwa akisema. "Kifua hakidanganyi."

Akikuta kibonge, hata kidogo kama punje ya mahindi, alifumua mshono na kuanza upya. Magodoro makuukuu yaliyoletwa kuongezwa pamba nayo aliyalalia vivyo hivyo kabla ya kuyapasua, ili ajue yamebonyea wapi. Watu walimtania kwamba analipwa kwa kulala. Naye alijibu kuwa ndiyo maana anachoka sana.

Dada yake alikuwa fundi cherehani wa karakana hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekata vitambaa na kushona mifuko, kaka akajaza na kufunga vifundo kwa sindano ndefu. Wazazi waliwaacha wangali vijana. Mke wa Pamba naye alifariki bila kuacha mtoto, na tangu hapo ndugu hao wawili waliishi nyumba moja, chumba cha mbele kikiwa karakana, vya nyuma vya kulala. Asubuhi walisali pamoja kabla ya mtu yeyote kugusa kazi. Dada hakuolewa. Akiulizwa sababu alisema mume wa kumpikia anaye tayari, ila huyu anamwita dada. Chini ya utani huo kulikuwa na ukweli mmoja: duniani hakuwa na mtu mwingine.

Vumbi la pamba lilimpa Pamba ugonjwa wa kifua. Siku nyingine alipumua kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari aliwahi kumwandikia vidonge vidogo vyeupe vya siku chache, vikamfungua kifua mara moja. Siku zilipokwisha, yeye hakuviacha. Akawa anajinunulia duka la dawa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha muwasho ukaanza. Ulianzia katikati ya vidole, ukahamia kiunoni, ukapanda kwapani. Usiku dada alimsikia akijisugua mgongo kwenye kizingiti cha mlango wa chumba chake.

"Kaka, twende hospitali."

"Nikaambiwe nini? Kwamba nina upele?" Alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Fundi wa magodoro mwenye upele! Nani atamlaza mwanawe juu ya kazi ya mikono hii? Neno hilo likitoka nje ya mlango huu, dada yangu, tumekwisha."

Dada akarudi kwenye cherehani yake. Pamba aligundua kwamba akimeza vidonge viwili badala ya kimoja, kifua kinafunguka zaidi na muwasho unapungua. Akameza vitatu. Miezi ikapita hivyo. Uso wake ulinenepa, ukawa wa mviringo, na watu wakamwambia ameanza kupendeza.

Asubuhi moja alitoka chumbani akinyoosha mikono juu kama mtoto aliyefunguliwa kamba.

"Imekwisha! Sijikuni tena. Hata kidogo!"

Dada alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la pamba akamshukuru Mungu. Na kwa kuwa ndivyo walivyolelewa katika familia ile, kwamba jema halipokelewi kimyakimya, aliwaalika ndugu, majirani na wale waliosali nao waje kutoa shukrani pamoja. Hakusema shukrani za nini hasa. Alisema tu kaka yake alikuwa mgonjwa, sasa amepona.

Walikuja wengi kuliko viti. Wakakaa juu ya magodoro yaliyokuwa yakisubiri wenyewe, watoto wakalala humo na kubingirika. Pamba alimpa kila mtu mkono, wengine akawashika kwa mikono yote miwili, wengine akawakumbatia.

"Pamba, mikono gani hii?" akasema muuza mkaa, jirani yao. "Migumu kama ya mwashi! Umeacha pamba umeanza kubeba matofali?"

"Nilikushika taratibu nikiogopa utanichafua!" akajibu Pamba, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Dada naye alicheka. Lakini alikuwa ameiona mikono hiyo kwa karibu. Katikati ya vidole na kwenye viwiko, ngozi ilikuwa imeota kitu kama ukoko wa chini ya sufuria, kijivu, kinene, chenye kumegukameguka. Kila asubuhi alikuwa akifagia unga wake kutoka kitandani mwa kaka yake. Alijiambia kwamba kidonda kinachopona hufanya gamba. Gamba ni dalili njema, alijiambia, na akaendelea kufagia.

Haukupita muda mrefu akaanza kuwashwa yeye. Akafuata muuza mkaa, na wanawe, na mke wake. Wakafuata waliosali nao. Mteja mmoja alipita kuuliza, kwa sauti ya mzaha isiyokuwa mzaha, kama pamba siku hizi inachanganywa na upupu. Mtaa mzima ulikuwa ukijikuna, isipokuwa mtu mmoja.

"Mungu amekuachia wewe akatugeukia sisi," muuza mkaa akamwambia Pamba akipita. "Tufundishe hiyo sala."

Pamba akacheka. Dada safari hii hakucheka. Alikuwa akitazama vifundo vya vidole vya kaka yake vilivyoshika sindano. Ukoko ulikuwa umepasuka, na ndani ya nyufa kulikuwa na unyevunyevu wa njano. Harufu yake ilikuwa imeanza kumtangulia chumbani.

"Haviumi," akasema Pamba alipoona anatazamwa. "Wala haviwashi. Shida iko wapi?"

Siku iliyofuata alikaa juani akitetemeka, meno yakigongana, shuka mbili mabegani. Dada alipomwomba waende hospitali akatikisa kichwa.

"Watajua."

"Ukifa na jina lako zuri, kaka, mimi nitalifanyia nini hilo jina? Nitalipikia?"

 Pamba akamnyooshea mkono amnyanyue, na dada akashangaa jinsi mwili ule mnene ulivyokuwa mwepesi.

Hospitalini muuguzi alivaa glavu na aproni kabla ya kumgusa. Daktari, kijana wa upole, alikwangua kipande kidogo cha ukoko, akakitazama kwa darubini, akamwita dada pembeni.

"Ni wadudu wa upele, mama. Wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Wanachimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo."

"Lakini yeye hawashwi! Mimi ndiye ninayewashwa."

"Wewe pengine unao kumi tu mwili mzima. Unawashwa kwa sababu mwili wako umewatambua na unapigana nao. Muwasho ni hiyo vita. Na ukijikuna unang'oa baadhi yao. Kaka yako ametumia vidonge vile ulivyonitajia miezi mingi, na kazi yake moja ni kuulaza ulinzi wa mwili. Ndiyo maana kifua kilitulia. Ngozi nayo ikatulia. Wadudu wakazaa bila wa kuwasumbua. Kwenye ukoko ule wamo maelfu kwa maelfu, na kila unga unaodondoka umewabeba."

 "Kwa hiyo siku alipoacha kuwashwa..."

"Siku hiyo hakupona, mama. Ni mwili ulioacha kupigana."

Nyufa zilikuwa zimefungua mlango, vijidudu vingine vikaingia hadi kwenye damu. Walimtundikia dripu, wakampa dawa ya wadudu na dawa ya damu, wakampaka na kumkwangua. Daktari hakuficha kwamba wamechelewa. Jioni moja Pamba alifungua macho, akamvuta dada yake karibu.

"Usiwaambie."

 Dada alimlowesha midomo kwa pamba yenye maji. Kulipokucha, Mungu alikuwa amemchukua mja wake.

Wakati wa msiba karakana ilijaa tena. Watu waliketi kwa adabu, na kwa adabu hiyo hiyo walijizuia kujikuna. Lakini dada aliyaona mabega yakisuguliwa ukutani kidogokidogo, na vidole vikipenya ndani ya mikono ya nguo. Baba mdogo alisimama akamsifu marehemu, akasema mikono ile imeulaza mtaa mzima. Alipoketi, dada akasimama.

"Muwasho mlionao ni upele, na umetoka kwetu," akasema. "Umetoka kwa kaka yangu."

"Mwanangu," baba mdogo akanong'ona kwa ukali, "leo hii? Hata hajapoa kaburini?"

"Leo, baba. Kesho hamtakuwa pamoja." Hakuketi. Aliwaambia yote: vidonge, ukoko, ile siku ya shukrani. Akawaambia waende kuchukua dawa, wajipake nyumba nzima siku moja, mwenye kuwashwa na asiyewashwa, wafue mashuka kwa maji ya moto. Na aliyelala juu ya godoro lililotoka humu karibuni aseme, asione haya.

 Muuza mkaa akakunja mkono wa shati na kuanza kujikuna waziwazi, machozi yakimtoka, na wengine wakamfuata, hadi chumba kikajaa sauti hiyo kavu.

Karibu na mlango alikaa bibi mmoja aliyekuja na wale waliosali nao. Mikono yake ilitulia mapajani.

"Mimi namshukuru Mungu," akasema kwa upole. "Nilikuwa nawashwa sana, siku hizi hata siwashwi."

Dada akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, akampandisha mikono ya nguo taratibu hadi viwikoni.

"Bibi," akauliza, "unameza vidonge gani?"