Kilima cha Mama Solveig

Orval Haugen alikuwa mtoto mwema, na watoto wema wa namna hii Mungu atuepushe nao. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha lori la mji la kumwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, kaskazini mwa Minnesota, ambako barafu ikishika lami Novemba haibanduki hadi Aprili. Barabara za wengine alizimwagia kipimo kile kile alichoagizwa. Akifika kilimani kwa mama yake, Solveig, alifungulia mashine yote, akapita mara mbili. Madereva wote huwafanyia hivyo ndugu zao. Asiyefanya husengenywa kanisani.

Kijito cha chini ya kilima kilikuwa na samaki. Walihama au walikufa, nani ana habari nao? Barabara ilikuwa safi, ungeweza kuichezea dansi.

Kisha presha ya Solveig ikapanda. Daktari akampigia marufuku chumvi. Orval, bingwa wa chumvi, akaja na mfuko akazoa jikoni kopo la chumvi, jibini, hata samaki wa chumvi wa Krismasi. Presha ikazidi kupanda.

"Mama, unakula chumvi kwa siri."

"Niile wapi? Si umeniachia viazi vitupu!"

"Usinidanganye, mtu mzima wewe."

"Ala! Mimi niliyekufundisha kusema kweli ndiye wa kuitwa mwongo?"

Wakanuniana wiki tatu. Ila kilima alikimwagia mara tatu kila theluji ilipoanguka, mama ajue kwamba bado anampenda. Kwao mapenzi hayasemwi, yanamwagwa.

Siku waliyopatana, Maren, binti anayepima maji ya visima, alikuja na majibu ya kisima cha Solveig, kilicho kando ya barabara ile ya kilimani.

"Bibi, kisima chako kimejaa chumvi ya barabarani. Unapikia maji haya?"

"Napikia viazi, napikia kahawa. Kila siku ya Mungu."

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nikiacha leo," Orval akauliza, "maji yatasafika lini?"

"Chumvi imeshazama ardhini. Pengine miaka kumi na mitano."

Solveig, mwenye miaka themanini na minne, akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa na tisini na tisa. Si haba."

Orval akakaa sakafuni na mabuti yake yenye theluji. Aibu ilimchoma hadi masikioni. "Mama, nilikuita mwongo."

"Uliniita," alisema Solveig. "Kisha nikasimama dirishani nikihesabu unavyopita kilimani. Moja, mbili, tatu. Nilifurahi sana, mwanangu."