Tajiri wa ndizi alivyokuta barabara tupu Ihanda

Habari za shamba na mjini, wakuu. Hili nimeliona kwa macho yangu, sina chumvi ya kuongeza.

Mimi ni mkulima wa ndizi za kupika, Ihanda, Karagwe.

Kwetu tajiri mwenye lori akipiga simu, "Kateni, kesho nakuja," kijiji kizima kinaingia migombani. Jioni mikungu imejaa barabarani.

Kesho yake haji. Keshokutwa anatokea anatabasamu, ndizi zimeanza kuwa njano, anataja bei anayotaka yeye. Utafanyaje? Ndizi ya kupika ikishaiva haifai hata kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, labda mbuzi wafurahi.

Niliumia zaidi kwa jirani yangu Mama Koku, mjane. Alishaamua kung'oa migomba apande mikaratusi. Wakuu, kile ni kibanja, shamba la migomba la nyumbani, mumewe amezikwa humo humo!

Nikamfuata. "Shikamoo mama. Subiri mzigo mmoja tu wa lori, ukishindikana ng'oa."

"Marahaba. Mmoja tu, mwanangu. Nimechoka kulisha mbuzi."

Tukakaa wakulima, tukakubaliana: hakuna kugusa mgomba mpaka lori liwe limesimama. Nikampigia na shemeji yangu wa kijiji cha Songambele, kule Kyerwa, tajiri asije akakimbilia kwao. Wakulima wa huko nao wakaafiki.

Tajiri akapiga simu, tukaitikia vizuri tu. Siku aliyoahidi hakuja, kama kawaida yake. Sisi haoo, tukaenda kupalilia.

Alipofika kesho yake akashuka, akatazama huku na huku.

"Ndizi ziko wapi?"

"Ziko mgombani, tajiri," Mama Koku akamjibu. "Hazina haraka."

Akafoka. Akasema anaenda Songambele. Akapiga simu huko, akajibiwa vilevile. Nilijikaza nisicheke, nikashindwa.

Halafu simu yake ikaanza kuita mfululizo. Wateja wake sokoni walikuwa wanaulizia mzigo! Kumbe na yeye ana watu wa kumbana. Miaka yote tulidhani anayesubiriwa ni yeye peke yake.

Akakaa kwenye ngazi ya lori, akanywa maji, akasema, "Haya, semeni bei."

Tukasema. Akakubali. Hapo ndipo mapanga yalipofanya kazi! Tuliingia kibanja kwa kibanja, wengine wanakata, wengine wanabeba kwa baiskeli na bodaboda. Lori lilijaa jua bado kali, ndizi mbichi zinatoa utomvu. Dereva alisema hajawahi kupakia mzigo safi hivyo.

Nilichojifunza: usikate kwa sababu umeahidiwa, kata mteja akiwepo. Na msikubaliane nusu nusu, mmoja akikata mapema amewauza wote.

Mama Koku juzi kaja kwangu kuomba machipukizi ya migomba. Anapanua!

Wakulima wa nyanya, najua nyanya haikai shambani ikakusubiri kama ndizi. Ninyi mnawabanaje hawa matajiri? Shusheni uzoefu hapa tusaidiane.

Wetu siku hizi anapiga simu akiwa ameshapita Kayanga mjini: "Jamani, noeni mapanga, nakaribia."