Gia ya Mpingo

Mafuta ya ufuta yakidondoka juu ya chuma kilichopata moto hutoa harufu kama ya kitumbua, na mpaka leo harufu hiyo hunitia njaa na hasira kwa pamoja. Njaa, kwa sababu watoto wote wa upande wetu wa Mkomaindo, hapa Masasi, walikuwa wakiinusa wakakimbilia uani kwetu wakidhani pana anayekaanga kitu, wakamkuta Baba ameinama juu ya mashine ya kukereza, kibati cha mafuta mkononi, akichonga bolti. Hasira nitaieleza. Mashine ile ilikuwa kuukuu hata kwa siku zile za mwisho za Mwingereza. Baba alikuwa fundi wa misheni, na misheni ilipopata mashine mpya ile ya zamani akapewa yeye. Haikuwa na injini. Mtu alikanyaga pedali, chuma kikazunguka, kisu kikakikwangua. Ubavuni kushoto palipangwa gia, magurudumu ya chuma yenye meno, nazo ndizo zilizoamua kisu kitembee kwa mwendo gani. Ukipanga hizi, unapata bolti yenye nyuzi nyembamba, ile mistari ya kuzunguka inayoshika nati. Ukibadilisha ukapanga zile, unapata nyuzi pana. Bila gia mashine huzunguka na kulainisha chuma tu, lakini haichongi hata uzi mmoja. Aliyekanyaga pedali miaka yote ile alikuwa Mama. Baba alitaja gia anayoitaka bila kugeuza shingo, naye Mama alinyoosha mkono akampa.

Baba alifariki masika yakikaribia kwisha. Kwetu, kwa desturi ya wazee, mali ya mwanamume huenda kwa dada zake na wapwa zake. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na anayewaangalia ni mjomba wao. Siicheki desturi hiyo, maana Mama naye shamba lake la mikorosho alilipata kwa njia hiyohiyo. Basi akashuka Shangazi Anjela kutoka Newala, dada mkubwa wa Baba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, pamoja na mwanawe Filipo, aliyekuwa mhunzi, na wapwa wengine. Wakachukua baiskeli, koti na majembe. Walipofika kwenye mashine wakaishika wanaume wote, wakavuta pumzi, wakainua, nayo haikunyanyuka hata upana wa kidole. Nilifurahi, nasema kweli. Ndipo Filipo alipoziona gia zimetundikwa ukutani zikimetameta kwa mafuta, akasema zigawanywe, kila mpwa apate ukumbusho wa mjomba wake.

"Gia ni za mashine," Mama akasema.

"Gia ni za ukoo," Filipo akajibu, na tayari alikuwa amekwisha kuchagua yake.

Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alimgeukia Shangazi na kumwambia kwamba mashine ndiyo iliyonisomesha na ndiyo itakayonisomesha. Shangazi alifikiri, kisha akatoa hukumu yake mbele ya wote: mashine ibaki mpaka msimu wa korosho uishe. Hapo litakuja lori la mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Lindi. Likikuta mashine inachonga bolti, mashine itakuwa ya Mama moja kwa moja. Likikuta haichongi, itapakiwa. Wakaondoka na gia ndani ya kikapu, na ukuta ukabaki na misumari mitupu. Majirani walikuja kutupa pole, na wengine walisema palepale kwamba mwanamke na mashine ni wapi na wapi. Nilikuwa na umri wa kujua kusoma na kuandika lakini si wa kujua kunyamaza, nikawajibu vibaya, nikapigwa.

Wiki hiyohiyo Mama alinichukua tukaenda Newala. Lori la abiria lilitushusha chini ya mteremko, na badala ya kupanda moja kwa moja Mama akaenda chemchemini, akajaza debe lake, akanijazia na mimi ndoo. Nililalamika njia nzima. Asiyepajua Newala ya wakati ule hatanielewa: juu kule hakukuwa na kisima, udongo ulinywa mvua yote, na wanawake walishuka bondeni alfajiri wakapanda na maji jua likiwa utosini. Mkono mtupu haulambwi, Mama akaniambia, na hakuna nyumba ya Newala itakayomfukuza mgeni aliyepanda na maji kichwani. Ilikuwa hivyo. Katika kila nyumba ya mpwa tulitua, tukaamkia, tukamimina maji mtungini, ndipo Mama akasema kilichomleta. Gia moja tuliikuta imekandamiza mfuniko wa tenga la kuku. Nyingine ilikuwa imetundikwa nje ya shule ya katekista, inagongwa kama kengele, na watoto walisikitika tulipoichukua. Maji yalipokwisha tulishuka tena bondeni, tukapanda tena. Shingo yangu iliuma mpaka nikashindwa kugeuka, na nilimchukia kila mtu mwenye asili ya Newala, pamoja na marehemu Baba.

Ikabaki gia ya Filipo. Tulimkuta kwenye mivuo yake ya kupulizia moto, akawa mpole kuliko tulivyomzoea, akazungumza habari za mvua. Mwisho akatuonyesha vipande kwenye kijungu. Alitaka kuifua awe na jembe lenye kumbukumbu ya mjomba wake, lakini gia zile ni za chuma cha kumimina, hazifuliki. Alipoipiga nyundo ya kwanza ikapasuka kama kigae.

"Imekwisha hiyo, Mama Esta," akasema, akimwita Mama kwa jina langu. "Mwache mwenye lori achukue, mpumzike."

Mama alichutama akaviokota vipande vyote, hata vile vidogo, akavifunga kwenye pindo la kanga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamwambia. "Na wewe mhunzi ndiye uliyepaswa kuniambia hivyo." Filipo akainamisha kichwa akavuta mivuo, ingawa hapakuwa na chuma motoni.

Tuliitafuta gia nyingine kama hiyo kila mahali. Gia za mashine mpya ya misheni zilikuwa na meno manene zaidi, hazikuingiliana na zetu. Mwenye duka mjini alisema itaagizwa Ulaya, labda ifike mwaka mwingine. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Ndipo alipokuja Mjomba Mchopa, kaka yake Mama, mchonga vinyago, mtu wa maneno mengi na majigambo zaidi. Alivipanga vipande chini, akahesabu meno, thelathini na mawili, akacheka. Chuma kimeshindwa na nyundo, akasema, lakini mpingo unavunja mashoka, nitawachongea. Akachonga siku kadhaa kwa jicho tu, kama alivyozoea, akijisifu. Alipozunguka akarudi alikoanzia, jino la mwisho likakosa nafasi, likawa jembamba kama unyasi. Akaitupa uani, akaanza nyingine, ikawa vilevile. Siku hiyo hakujigamba.

Mama alikuwa akisuka mkeka. Aliinuka na utepe wa ukindu, akauzungusha kwenye ukingo wa gogo jipya la mpingo, akaukata ncha zilipokutana. Kisha akaukunja katikati, akaukunja tena, na tena, mara tano, kama afanyavyo msusi anapogawa nakshi zake. Alipoukunjua ulikuwa na sehemu thelathini na mbili zilizolingana. Akaurudisha kwenye gogo na kila penye mkunjo Mjomba akatia alama. Gia ilipokamilika ilikuwa nyeusi, nzito, imepakwa mafuta ya ufuta, na jino la mwisho lilikaa sawa na la kwanza. Majigambo ya Mjomba yakarudi yote.

Lori lilikuja na Shangazi ameketi mbele, Filipo na wapagazi nyuma. Shangazi hakukaa. Alifungua fundo la kanga akatoa nati moja yenye kutu, ya tangi la maji ya mvua la nyumbani kwake, ambalo bolti yake ilikuwa imekatika. "Nichongee itakayoingia humu," akasema. Mama akaitazama nati, akapanga gia, ya mpingo katikati ya zile za chuma. Mimi nikakaa kwenye pedali. Filipo akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mti utakatika. Nikakanyaga. Gia za chuma zililia kama kawaida yake, ile ya mpingo iligonga taratibu, na kisu kikaanza kuandika uzi juu ya chuma, kikarudi, kikaingia ndani zaidi, kikarudi tena. Harufu ya mafuta ikapanda. Miguu ilikuwa inawaka, lakini heri ningekatika mimi kuliko kusimama mbele ya Filipo.

Shangazi aliichukua bolti ingali moto. Nati ikaingia, ikafika katikati, ikakwama. Nikaona wapagazi wanakunja mikono ya mashati. Mama akanyoosha mkono, akaomba bolti yake, akairudisha mashineni, akapitisha kisu mara moja tena, kidogo tu. Safari hii Shangazi aliisukuma nati kwa kidole kimoja ikateremka mpaka mwisho. Akaipandisha, akaiteremsha tena.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Kaka yako, wifi. Hukuwahi kuuliza."

Shangazi akaitia bolti kifuani. "Filipo," akasema, "mwambie mwenye lori asizime injini, hakuna mzigo."

Ni mimi sasa ninayekaa kwenye mashine ile, hapahapa Masasi. Vijana wenye karakana barabarani wana mashine za umeme, na gia ikivunjika hupiga picha kwa simu, huagiza ng'ambo, husubiri. Umeme ukikatika hukaa kibarazani. Wameniambia mara nyingi nitie mota, nimekataa. Wameniletea gia ya chuma yenye meno thelathini na mawili, nimeshukuru na kuiweka kabatini. Ya Mjomba bado inagonga. Wapo wanaosema zamani zile zilikuwa za shida tu, nasi tulifanya hivyo kwa kukosa. Ndiyo, tulikosa. Lakini hatukusubiri.

Juzi walikuja wajukuu wa Filipo kutoka Newala, ambako siku hizi wanafungua bomba. Wakaniamkia vizuri, nikawapikia, wakala, kisha wakakohoa wakauliza nikifa mashine itakuwa ya nani, ya ukoo wa Baba au ya ukoo wa Mama, na zile gia je, maana ile nyeusi ingefaa kuwekwa sebuleni. Nikawaambia gia ni za mashine, na mashine ni ya atakayevua viatu sasa hivi akakanyaga pedali. Wakatazamana. Hakuna aliyevua. Basi bado ni yangu.