Ekseli ya Marehemu Abu Dahham

Wakuu wa mji walipoziburuta pikapu kuukuu kutoka uani kwa fundi, wakiziita takataka, mfugaji Nawwaf alimwona fundi huyo akiipapasa kila moja ilipompita, kama mtu anayeaga wageni. Kwa mikono hiyohiyo, miaka nenda miaka rudi, fundi alihamisha ekseli za gari hili kwenda lile, akayagonga majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyobeba uzito wa gari, kwa spana na kuyasikiliza kama yana ufa, kichwa kimeinama. Kila kifaa kilibaki na jina la mwenye gari lililokitoa.

"Leo nakufungia ekseli ya marehemu Abu Dahham," alimwambia Nawwaf kiangazi kimoja, akimmiminia kahawa chungu. "Alikuwa mkaidi, nayo haipindi."

"Isije ikanipeleka kwa mjane wake, ami!"

"Ikikupeleka, mbebee sukari."

Kwa ekseli hiyo, pikapu ya Nawwaf ikawapelekea kondoo wake maji jangwani msimu baada ya msimu. Sasa springi zake zimekatika, na uani hapana cha kubadilishia. Enyi wakuu, magari yale hayajayeyushwa bado: yarudisheni kwa fundi leo hii, kondoo wangali hai.