Rubani Aliyezima Redio

Mlinzi wa jengo moja la mafundi cherehani, mtaa wa Doornfontein jijini Johannesburg, huitwa Papa Octave. Vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vimegandana kwa kovu la moto. Wapangaji walidhani aliunguzwa na jiko. Mwaka jana Murielle, msusi aliyehamia ghorofa ya pili, alisoma jina kamili la mlinzi huyo kwenye kitambulisho chake cha kazi, akakaa pale pale ngazini. Mama yake alikuwa akilitaja jina hilo katika kila sala.

Wakati wa vita Kongo, Octave alikuwa rubani wa ndege ya mabomu. Baba yake Murielle, Ruphin, ndiye aliyekuwa akiyaachia mabomu. Siku hiyo walishambulia kambi ya waasi kando ya mto. Walipogeuka, kombora la mzinga likapasua tumbo la ndege. Injini ikashika moto. Mapaja ya Ruphin yalivunjika yote mawili, mfupa ukatokeza kwenye suruali, damu ikatapakaa sakafuni. Redioni Octave aliamriwa ajitose kwa mwavuli. Ruphin mwenyewe alimsihi amwache. Octave akaizima redio.

Alitua barabarani. Bawa likang'oka, ndege ikaburuzika ikiungua. Alikata mikanda ya Ruphin kwa kisu, akamvuta kwapani kupita katikati ya moto, ngozi ya mkono wake ikabaki kwenye chuma. Walikuwa hawajafika mbali matangi yakalipuka. Ruphin alikatwa miguu, lakini aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na Murielle akazaliwa. Octave alivishwa nishani. Baadaye wakubwa wake jeshini walipoanza kufungwa, akakimbilia Johannesburg.

Murielle aliwaomba watu wa kanisa lake wamwandalie mzee huyo ibada ya shukrani. Octave alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja, amevaa sare yake ya ulinzi, akapewa kipaza sauti.

“Msipige makofi kwanza,” alisema. “Siku ile tuliangusha mabomu manane. Kambini kulikuwa na wapishi, kulikuwa na wake za askari. Nilimwona mmoja akikimbia, nguo zinawaka mwilini. Ruphin nilimtoa kwa sababu nilimpenda. Lakini nishani walinipa kwa ajili ya mabomu.”

Murielle akasimama na kitenge alichokuwa amekiandaa.

“Papa, wale siwezi kuwasemea. Mimi nipo kwa sababu hukujitosa. Nimekuja kushukuru hilo.”

Akamfunika mabegani. Octave hakukiondoa.

Mchungaji aliuliza majina ya waliokufa kambini ili awaombee. Octave hakujua hata moja, wakawaombea bila majina.

Mchana huo Murielle alimpikia bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akamwonyesha picha za baba yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Octave aliitazama moja kwa muda mrefu, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Hakuwa amemwona tena tangu vita, wala hakujua kwamba Ruphin alinenepa.