Maji Niliyoyamwaga Japani

Nilikwenda Japani kujifunza kilimo cha mpunga, na mpaka leo hakuna mtu hapa Chumbi anayeniuliza habari za mpunga. Wananiuliza habari za bafu. Hasira ninayo bado, wala sioni haya kuisema.

Maji ya moto yanayotoka ardhini hayakuwa ajabu kwangu. Hata Utete yapo. Ajabu ilikuwa kuambiwa tuvue nguo zote tuingie kwenye bwawa la hoteli, wanawake upande wao, wanaume upande wao, uchi wa mnyama. Nikakataa. Kiongozi wa msafara wetu, mtu mzima kutoka Kibiti, akanicheka mbele za watu: "Acha ushamba, mama. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako."

Mama mwenye hoteli alikuwa na utu kumshinda. Alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye hodhi la mbao, la kuogea mtu peke yake, akageuza kibao mlangoni kuonyesha kuna mtu ndani, kama sisi tunavyotundika khanga juu ya ua wa bafu. Nikajisugua kwanza nje ya hodhi, alivyonielekeza kwa ishara, ndipo nikazama hadi shingoni. Mgongo wangu wa jembe ukalegea wote. Nilipomaliza nikang'oa kizibo, maji yakaenda. Nani kwetu humwachia mwenzie maji aliyokwisha kuyaogea? Sikujua kwamba kule huachwa kwa ajili ya anayefuata, na kwamba hodhi lile huchukua muda mrefu kujaa.

Asubuhi, kwenye chai, kiongozi akanifokea: "Umeitia nchi aibu!"

Tuliporudi uliitishwa mkutano wa wakulima. Nilijiandaa kuwaonyesha wanawake wenzangu kupanda miche kwa mistari ikiwa imeshapata nguvu, maana wengi bado tunamwaga mbegu tu na mto ukifurika unazizoa. Yeye akafungua mkutano kwa kisa changu. Akainama akaigiza ninavyong'oa kizibo, watu hoi. Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mimi.

Ndipo shangazi yangu, aliyekaa mbele na tasbihi mkononi, akauliza:

"Baba, hicho chumba alichooga mwanangu si cha mtu mmoja?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mwenye hoteli alilalamika?"

"Hata. Wale watu wana adabu sana, hakusema neno."

"Sasa wewe ulijuaje kama maji yamemwagwa?"

Nikamtazama usoni, nikaelewa. Aliyenicheka kwa kuogopa kuvua nguo, naye aliogopa. Alikuwa amesimama ukumbini na taulo begani, akingoja nitoke ili aingie yeye.

"Kumbe ulitaka kuoga maji ya mke wa mtu!" shangazi akasema.

Mkutano ukalipuka. Kila nilipofungua mdomo kutaja miche, mtu alikumbuka akaanza kucheka upya, mpaka mwenyekiti akatutawanya. Mwaka ule tukamwaga mbegu kama kila mwaka, na mto ukazizoa.