Sufuria ya Arusi Katika Duka la Magari

Jumamosi nilikwenda kubadilisha oili kwa wauza magari wa Lanham, huku ughaibuni, nikamkuta mama mmoja wa Kizanzibari wa jumuiya yetu akilizunguka toleo jipya la gari kama lake, lenye umbo la sanduku. Alizipapasa pembe zilizolainishwa kama mtu anayepapasa uvimbe.

“Wamelikata pembe,” alimwambia mumewe.

“Nje tu, mke wangu. Ndani ni lile lile.”

“Nje ikipungua, ndani itabaki vipi? Hebu kalete sufuria.”

Gari lake kuukuu ndilo hubeba sufuria ya pilau ya arusi zetu zote, kuanzia mji wa Bowie hadi ule wa Woodbridge. Mume akaitoa humo, akaileta. Muuzaji akatabasamu asijue atabasamie nini. Sufuria ikasukumwa nyuma, mlango ukashushwa taratibu, nami niliyekula pilau ya sufuria hiyo mara nyingi nikajikuta nimezuia pumzi. Ukafungika.

“Haya, umeridhika?” mume akauliza.

Mama hakuuondoa mkono mlangoni. “Leo imeingia. Na wakililainisha tena?”

Nasikia wenye viwanda huwauliza watu maoni kabla ya kubadili gari. Basi waiulize na sufuria, maana hiyo haina toleo jipya.